Kura Isiyobishiwa Hodi

Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba 2024 nilikuwa nyumbani kwa binamu yangu, York, Pennsylvania, tukila wali wa nazi na samaki wa kupaka, mlango ulipobishwa. Juu ya meza, kando ya sahani, palikuwa na rundo la vipeperushi vya kampeni, karatasi nene zinazong'aa, ambazo binamu yangu alikuwa ameacha kuzisoma na sasa alizitumia kuwekea sufuria za moto ili zisiunguze meza. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, na mkononi alishika simu yenye orodha ya nyumba za mtaa ule. Alimwuliza binamu yangu kama ameshapanga siku na saa ya kwenda kupiga kura, akamweleza kituo kilipo, kisha akamwuliza ni jambo gani linalomsumbua zaidi. Binamu yangu alizungumzia bei ya dawa za mama yake, na mgeni akasikiliza hadi mwisho, kwa utulivu wa mtu mwenye kila sababu ya kusikiliza. Halafu akanigeukia mimi. Nilipomwambia kwamba mimi pia ni mpiga kura, lakini ninaishi Maryland, alitabasamu kwa upole, akasema hata yeye ni mtu wa Maryland, kwamba amevuka mpaka asubuhi ile na wenzake wa kujitolea, akatutakia mlo mwema na kwenda zake.

Hakuniuliza lolote.

Uchaguzi ulipita, mshindi akatangazwa, na tarehe 17 Desemba wajumbe 538, ambao karibu kila jimbo huwapa wote mgombea aliyeongoza humo, wakakutana katika miji mikuu ya majimbo yao kupiga kura ambazo kisheria ndizo zinazomweka rais wa Marekani madarakani. Kwa majuma yote hayo jambo hili limekataa kuniondoka. Simlaumu mwanamke yule. Aliiacha mitaa ya kwao akaenda kwa watu asiowajua kwa sababu alijua hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi: Pennsylvania ilikuwa na wajumbe 19 na ingeamuliwa kwa tofauti ndogo, ilhali wajumbe 10 wa Maryland walijulikana wanakoelekea hata kabla ya wagombea kuteuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba nchi imejiwekea utaratibu ambao ndani yake mtu mwema, anayeipenda nchi yake, anatenda kwa busara anapompita jirani yake bila kumwuliza neno.

## Mstari wa wapima ardhi

Kati ya nyumba yangu na ya binamu yangu ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na katikati hupita mstari uliopimwa na Charles Mason na Jeremiah Dixon kati ya 1763 na 1767 ili kumaliza ugomvi wa ardhi wa familia mbili za Kiingereza. Sisi wawili tumelelewa Mombasa, tumeapa kiapo kile kile cha uraia, tunalipa kodi ile ile kwa serikali kuu, na rais anayechaguliwa ni wetu sote. Hata hivyo, kwa muda wa miezi mitatu binamu yangu alikuwa mtu ambaye wagombea walihitaji kumjua, na mimi nilikuwa mtu ambaye wameshamhesabu.

Wengi wanaoandika juu ya suala hili huanza na Wyoming. Kwa sensa ya 2020 jimbo hilo lina mjumbe mmoja kwa kila watu kama 192,000, na California ina mjumbe mmoja kwa kila watu kama 730,000. Hesabu hiyo ni ya kweli na haipendezi, lakini haikunigusa kama nilivyotarajia, kwa sababu mkazi wa Wyoming naye habishiwi hodi. Mgawanyiko wenyewe ni kati ya majimbo yenye ushindani na majimbo ambayo jibu lake linajulikana, na ukubwa wa jimbo hauna neno hapo. Mwaka 2024 majimbo yenye ushindani yalikuwa saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada, yenye jumla ya wajumbe 93. Mdahalo pekee kati ya Kamala Harris na Donald Trump ulifanyika Philadelphia, na suala la kuchimba gesi kwa kupasua miamba, ambalo ni riziki ya sehemu moja ya Pennsylvania, likawa suala la taifa zima.

Zipo pia kura ambazo hupigwa, huhesabiwa, kisha haziendi popote. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas, na hakupata mjumbe hata mmoja kwa kura hizo. Mwaka huo huo Joe Biden alipata Texas kura nyingi kidogo kuliko alizopata New York, na Texas ikampa mikono mitupu. Hapa kwetu Maryland watu zaidi ya milioni moja walimpigia Trump mwaka 2024. Baadhi yao ni majirani zangu. Sikubaliani nao karibu kwa kila jambo, lakini walipanga foleni kama mimi. Maine na Nebraska peke yake ndiyo majimbo yanayogawa sehemu ya wajumbe wao kwa wilaya za uchaguzi. Kwingine kote anayeongoza hata kwa kura moja huzoa wajumbe wote.

## Mwaka ambao hakuna aliyelalamika

Msomaji anaijua miaka ambayo aliyepata kura nyingi za wananchi hakuwa rais: 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Sitairudia. Nataka kuuzungumzia mwaka 2004, ambao hautajwi sana kwa sababu haukuishia vibaya.

Mwaka huo George W. Bush alimshinda John Kerry kwa takriban kura milioni 3 nchi nzima. Lakini Ohio iliamuliwa kwa kura kama 118,000, na laiti wapiga kura wapatao 60,000 wa jimbo hilo wangebadili nia, Kerry angekuwa rais huku akiwa nyuma kwa mamilioni ya kura. Ninaamini kwamba kama hilo lingetokea, miaka minne tu baada ya Al Gore kushindwa huku akiongoza kwa zaidi ya kura nusu milioni, vyama vyote viwili vingekuwa vimeonja uchungu ule ule kwa zamu, na pengine utaratibu huu ungekuwa umekwisha kurekebishwa.

Sasa uchaguzi wa 2024 umepita, Trump amepata wajumbe 312 na pia ameongoza kwa kura za wananchi, na mjadala umezimika kama taa. Mimi naona huu ndio wakati wa kuujadili. Mwenye kidonda kibichi hasikilizwi. Akisema utaratibu haufai huambiwa kwamba anaukataa kwa kuwa ameshindwa. Safari hii hakuna mgombea ambaye maneno yangu yatamrudishia ushindi.

## Virginia na Pennsylvania

Nilirudi kusoma habari za mkutano wa Philadelphia wa 1787, uliotunga Katiba ya Marekani, nikitaka kujua waliotunga utaratibu huu waliogopa nini. James Wilson wa Pennsylvania alipendekeza tangu mapema kwamba rais achaguliwe na wananchi wenyewe. Tarehe 19 Julai James Madison wa Virginia alikiri kwamba wananchi kwa jumla ndio wanaofaa zaidi kuchagua, kisha akataja kikwazo: haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na Kusini isingepata nguvu yoyote kutokana na watu wake weusi. Alisema hivyo waziwazi mbele ya wenzake, naye mwenyewe akayaandika maneno hayo katika kumbukumbu zake za mkutano.

Dawa iliyopatikana mwanzoni mwa Septemba ilikuwa wajumbe. Kila jimbo lilipewa wajumbe kulingana na idadi ya wawakilishi wake bungeni na maseneta wake wawili, na idadi ya wawakilishi ilikwisha kukubaliwa kwamba itahesabu watumwa kwa kiwango cha watatu katika kila watano. Sensa ya 1790 inaonyesha matokeo yake. Virginia na Pennsylvania zilikuwa na watu huru wanaokaribiana kwa idadi, Virginia ikizidi kidogo, lakini Virginia ilikuwa pia na watumwa kama 292,000. Uchaguzi wa 1800 ulipofika, Pennsylvania ilikuwa na wajumbe 15 na Virginia 21. Katika miaka 36 ya kwanza ya jamhuri hiyo, Wavirginia waliomiliki watumwa walikuwa marais kwa miaka 32.

Mimi si mzao wa watumwa wale. Watoto wangu, hata hivyo, wanasoma darasa moja na wazao wao, na siwezi kuisoma hesabu hiyo kama historia ya watu wengine.

Kilichonishtua zaidi ni kilichofuata baada ya utumwa kukomeshwa. Watu weusi wa Kusini sasa walihesabiwa kama watu kamili, kwa hiyo majimbo yao yakaongezewa nguvu, kisha majimbo hayo hayo yakawazuia kupiga kura kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho, hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Katiba iliruhusu jimbo linalowanyima raia kura kupunguziwa uwakilishi. Adhabu hiyo haikutekelezwa hata mara moja.

Hapo nadhani ndipo penye kiini cha jambo lote. Chini ya utaratibu wa wajumbe, jimbo lina nguvu ile ile wakijitokeza watu milioni au watu mia. Likifanya foleni kuwa ndefu, likifunga vituo, likifuta majina katika daftari, halipotezi kitu katika kumchagua rais. Kura zikihesabiwa nchi nzima, kila jimbo linalomzuia mtu wake linajipunguzia sauti lenyewe.

## Shaka la kwanza

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kisha nikakutana na mwaka 1979.

Mwaka huo Seneti ilipigia kura pendekezo la kumchagua rais moja kwa moja, na likaungwa mkono na maseneta 51 dhidi ya 48, pungufu sana ya theluthi mbili zinazohitajika. Miongoni mwa waliolipinga alikuwa Vernon Jordan, aliyeongoza National Urban League, mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwamba alikuwa akiwatetea mabwana wa Virginia. Hoja yake ilikuwa kwamba wapiga kura weusi, ambao ni wachache katika taifa, walikuwa wamejikusanya katika miji ya majimbo makubwa yenye ushindani, na huko walikuwa na uwezo wa kuelekeza jimbo zima. Katika hesabu ya taifa zima wangekuwa sehemu ndogo tu.

Hoja hiyo niliibeba kwa siku nyingi, maana ni hoja ya mtu aliyejua siasa kwa vitendo. Mwishowe kilichonifanya niiweke chini ni Mississippi. Hilo ndilo jimbo ambalo watu weusi ni sehemu kubwa zaidi ya wakazi kuliko jimbo jingine lolote, zaidi ya theluthi, na tangu Jimmy Carter alipolishinda mwaka 1976 kura zao za urais hazijaleta mjumbe hata mmoja. Nguvu aliyoiona Jordan ilikuwa ya kweli, lakini ilitegemea mtu anaishi wapi na majirani zake wa rangi nyingine wamegawanyika vipi mwaka huo. Nguvu ya namna hiyo ni ya kupewa kwa bahati, na inaweza kuondoka bila wenyewe kuhama wala kubadili nia.

## Shaka lililotoka nyumbani

Shaka la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu sikulisoma mahali, nimeliishi.

Mwishoni mwa Desemba 2007 nilikuwa Mombasa. Nakumbuka tulivyoketi kuizunguka redio, mtangazaji akisoma matokeo ya eneo bunge moja baada ya jingine, na jinsi chumba kilivyokuwa kikinyamaza kila ngome ya mmoja wa wagombea ilipochelewa kuleta hesabu zake. Tulijua wote, bila kuambiana, maana ya kuchelewa. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, iliona kwamba haiwezekani kujua nani alishinda, na ikataja idadi za kupita kiasi za waliojitokeza katika ngome za pande zote mbili kuwa dalili ya masanduku kujazwa kura.

Mtu aliyepitia hayo hawezi kusema "hesabuni kura zote pamoja" bila kusita.

Kura zinapohesabiwa nchi nzima, kila kura ya bandia ina faida popote ilipotumbukizwa, na mahali rahisi zaidi pa kuitumbukiza ni ngome, ambako wakala wa mpinzani haogopewi au hayupo kabisa. Chini ya utaratibu wa wajumbe, kuongeza kura milioni za uongo Maryland hakumsaidii mtu. Tena ugomvi hubaki pale ulipo. Mwaka 2000 nchi nzima ilisubiri Florida, iliyotofautiana kwa kura 537, lakini ni Florida peke yake iliyobishaniwa. Mwaka 1960 tofauti kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon haikufika kura 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68. Kama wakati ule kura za nchi nzima ndizo zingeamua, ingebidi kuhesabu upya masanduku ya kila kijiji kutoka Maine hadi Hawaii.

Tena Marekani haina chombo kinachofanana na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Uchaguzi unaendeshwa na mamlaka zaidi ya 10,000 za kaunti, miji na vitongoji, kila jimbo na sheria zake. Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa gerezani. Kwingine mtu aliyekwisha kutumikia kifungo bado anaweza kukosa kura. Ukijumlisha kura za majimbo hayo unajumlisha vitu ambavyo havikupimwa kwa kipimo kimoja.

Nililiacha shaka hili likae. Sikutaka kulijibu haraka kwa kuwa tu jibu nililitamani.

Lililoanza kulilegeza ni tukio la tarehe 2 Januari 2021, siku Trump alipompigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa Georgia, na kumtaka apate kura 11,780. Biden alikuwa amemzidi Trump kwa takriban kura milioni 7 nchi nzima, na hakuna mtu, hata mwenye mamlaka makubwa kiasi gani, angeweza kupiga simu moja kuomba kura milioni 7. Lakini Georgia, Arizona na Wisconsin kwa pamoja ziliamuliwa kwa kura zisizofika 43,000, na hizo zingetosha kuwafanya wagombea watoshane kwa wajumbe 269 kila mmoja. Utaratibu wa wajumbe hauondoi kishawishi cha kuiba. Unamwonyesha mwizi dirisha lililo wazi.

## Robo ya kura katika kaunti 24

Jibu lililobaki nilipewa na Kenya yenyewe, ile ile iliyonitia shaka.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 138, haikutosheka na wingi wa kura. Anayetaka urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sharti hili lina historia yake. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura kwa sababu upinzani uligawanyika, na sheria ya wakati huo ilidai mshindi aongoze na apate robo katika mikoa mitano kati ya minane, bila kudai nusu ya kura. Wakenya waliyaweka masharti yote mawili pamoja baada ya kuona linalotokea moja linapokosekana.

Hofu kubwa ya wanaoutetea utaratibu wa wajumbe ni kwamba miji mikubwa itawameza watu wa mashambani. Miji 10 mikubwa ya Marekani kwa pamoja haifikii asilimia 9 ya wakazi wote, kwa hiyo hofu hiyo imetiwa chumvi, lakini msingi wake siudharau: nchi kubwa inahitaji uhakika kwamba rais wake hakutoka pembe moja tu. Sharti la robo linatoa uhakika huo bila kuitupa kura ya mtu. Mgombea wa Kenya hana budi kwenda mahali anakojua kwamba hatashinda, kwa sababu robo ya huko anaihitaji. Mwaka 2022 William Ruto alivuka robo katika kaunti 39 na Raila Odinga katika kaunti 34, katika uchaguzi ambao tofauti yao ilikuwa kura kama 233,000.

Nilijaribu kuliweka sharti hilo juu ya matokeo ya Marekani ya 2024, nikidhani wote wawili wangeanguka. Harris na Trump kila mmoja alipata robo katika majimbo yote 50. Hata Wyoming, Harris aliipita robo, ingawa kwa kidogo sana. Ramani ya rangi mbili tunayoonyeshwa kila baada ya miaka minne inaficha nchi iliyochanganyika kuliko tunavyoaminishwa.

Na kuhusu hesabu yenyewe, Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 2022 kila kituo kati ya vituo 46,229 kilijaza Fomu 34A, fomu ya matokeo ya kituo, na picha za fomu hizo zikawekwa wazi mtandaoni. Makamishna wanne kati ya saba wa IEBC waliyakana matokeo, na hasira ilikuwepo, lakini mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kufungua fomu na kujumlisha mwenyewe. Shauri likaenda Mahakama ya Juu, likaamuliwa. Sisemi kwamba Kenya imemaliza matatizo yake ya uchaguzi. Mwenye macho anayaona. Nasema kwamba hesabu ya taifa zima inaweza kujengwa ili ionekane hadi chini kituoni, na nchi yenye uwezo wa Marekani haiwezi kusema kazi hiyo imeishinda.

## Mapatano ya Maryland

Jimbo langu lina sehemu yake ya pekee katika jambo hili. Mwaka 2007 Maryland ilikuwa ya kwanza kutia saini mapatano ambayo majimbo yanaahidi kuwapa wajumbe wao mgombea anayeongoza kwa kura za nchi nzima, pindi majimbo yaliyojiunga yatakapofikisha wajumbe 270. Hadi mwishoni mwa 2024 walikuwa wamejiunga majimbo 17 pamoja na Washington, DC, wenye wajumbe 209. Nilipohamia hapa nilijivunia jambo hilo, na bado naiheshimu nia yake.

Lakini fikiria mapatano hayo yangekuwa yanafanya kazi mwaka 2024. Harris alishinda Maryland kwa zaidi ya asilimia 60, na wajumbe wetu 10 wangepaswa kumpigia Trump. Ninaamini ingekuwa haki, kwa sababu ndivyo tulivyoahidi. Ninaamini pia kwamba kabla ya Desemba kungekuwa na mswada wa kujitoa, maandamano Annapolis, mji mkuu wa jimbo letu, na mashtaka mahakamani, na wengi wa waandamanaji wangekuwa watu ninaowajua. Majimbo yote yaliyojiunga yalimpa Harris ushindi mwaka huo. Ahadi ambayo haijawahi kujaribiwa siku ya uchungu ni dhaifu mno kubeba urais.

Tena mapatano hayaweki kiwango cha chini cha kura wala duru ya pili, na hayana njia ya kuhesabu upya nchi nzima, kwa kuwa kila jimbo linaendelea kuthibitisha hesabu zake lenyewe. Kwa mtu aliyelelewa na historia ya 1992 na 2007, hayo si mapungufu madogo.

## Mwaka 1860

Kuna mtu mmoja ambaye kila mtetezi wa kura ya moja kwa moja lazima amkabili, naye ni Abraham Lincoln. Mwaka 1860 alipata chini ya asilimia 40 ya kura za wananchi. Katika majimbo mengi ya Kusini hapakuwa hata na karatasi za kumpigia kura. Wajumbe ndio waliomfanya rais, na hata kama wapinzani wake watatu wangejumlisha kura zao, bado angeshinda kwa wajumbe. Utaratibu uliowanufaisha wenye watumwa ndio uliomleta mtu aliyeuvunja utumwa, na duru ya pili huenda ingemleta mwingine.

Nililala na wazo hilo mara nyingi. Jibu nililolipata ni kwamba mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na hakuna hata mmoja wao aliyepiga kura. Wala wanawake hawakupiga. Asilimia 40 ya Lincoln ilitolewa katika hesabu iliyowaacha nje wale wale ambao maisha yao yalikuwa yakiamuliwa. Siwezi kuuhukumu wingi wa wananchi kwa mwaka ambao wananchi wenyewe hawakuhesabiwa.

## Kifungu kilichokwisha kuandikwa

Marekebisho ninayoyataka yaliwahi kukaribia. Tarehe 18 Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa zaidi ya kura 330 dhidi ya 70, pendekezo la Seneta Birch Bayh na Mbunge Emanuel Celler la kuwafuta wajumbe na kumchagua rais moja kwa moja. Mwaka mmoja kabla yake George Wallace, mgombea wa ubaguzi, alikuwa amepata wajumbe 46, na vyama vyote viwili vilitishika kwamba siku moja mtu wa namna hiyo angeuza wajumbe wake kwa atakayempa anachotaka. Rais Nixon aliliunga mkono. Seneti ililiua mwaka 1970, pale maseneta wa Kusini wakiongozwa na watu kama Strom Thurmond, pamoja na baadhi ya maseneta wa majimbo madogo, walipokataa mjadala ufungwe.

Pendekezo lile lilidai mshindi apate angalau asilimia 40, la sivyo wawili wa kwanza warudi kwa wananchi. Ningelichukua kama lilivyo na kubadili mambo matatu. Asilimia 40 ingekuwa nusu na kura moja, maana Trump mwaka 2024 alipata asilimia 49.8, Hillary Clinton mwaka 2016 alipata asilimia 48, na Bill Clinton aliingia Ikulu mwaka 1992 kwa asilimia 43. Wote hao wangepaswa kurudi kuwaomba kura watu waliowachagua wengine. Ningeongeza robo ya kura katika zaidi ya nusu ya majimbo. Na ningedai sheria moja ya nani ana haki ya kupiga kura ya urais, pamoja na fomu ya kila kituo kuwekwa wazi kabla ya jumla yoyote kutangazwa, ili mkazi wa Puerto Rico, ambaye ni raia na leo hana mjumbe hata mmoja, awe na haki sawa na mkazi wa Vermont.

Najua kwamba marekebisho yanahitaji theluthi mbili za kila baraza na majimbo 38. Najua pia kwamba wakazi wa Washington, DC walikaa zaidi ya miaka 150 bila kumpigia rais kura, na kwamba Marekebisho ya 23, yaliyowapa haki hiyo, yalitoka bungeni Juni 1960 na kuidhinishwa Machi 1961. Mwakilishi wangu katika bunge la Maryland hutetea mapatano ya 2007 kila anapokuja mtaani kwetu. Barua niliyomwandikia juma hili inamwomba asiyaache, na aanze pia kuisemea njia ndefu zaidi.